Masikio Yote Mahali Pamoja

Alizaliwa wapi na ukoo wake ulitoka bonde gani, hayo waulizeni wanaojua kuhesabu mababu. Mimi nilimjua akiwa mtu mzima tayari: kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, soksi zimevutwa hadi magotini, mwavuli kwapani. Mwavuli ule sikuwahi kuuona umefunguliwa. Mvua ikimkuta njiani alikimbia nao umefungwa, akajibanza barazani kwa mtu kama sisi tusio na mwavuli. Ukimuuliza anakwambia, "Huu ni wa kuelekezea." Na kweli, kila kitu alikielekeza kwa ncha yake: njia ya Kwaluguru, kosa la ubaoni, nyota ya alfajiri, mtu anayesinzia.

Tulimwita Mwalimu wa Fizikia, hata huko nyumbani kwa watu ambao fizikia hawakuijua kama ni mnyama au mmea. Alifundisha sekondari Korogwe, na likizo alirudi kitongojini kwetu upande wa Handeni, ambako nyumba ya mama yake na yetu zilitenganishwa na shamba la mihogo. Mimi nilisoma shuleni kwake. Kwa hiyo wenzangu likizo waliachana naye, mimi ndiyo kwanza nakutana naye kisimani.

Elimu yangu ilifika kidato cha nne ikageuza, kama basi lililofika mwisho wa barabara. Tangu hapo safari yangu ndefu ni Korogwe, na nikilala huko hata siku moja nikirudi nataka nipokewe kwa chai. Mwalimu aliniita Kigingi. "Dunia inazunguka," alisema mbele za watu, "mwezi unazunguka, setilaiti nazo sasa zinazunguka. Kigingi yupo."

Kitu cha kwanza ambacho kila aliyepita mikononi mwake atakutajia ni namna alivyowapokea wachelewaji. Enzi zile mchelewaji alichapwa, na walimu wengine walichapa kama wanaopura mtama. Yeye hapana. Ukisimama mlangoni unahema, alikutazama, akakuacha uheme mpaka umalize, kisha anasema, "Kaa. Umechelewa, lakini umefika." Basi. Wengi wetu tungependa fimbo. Maneno hayo aliyatumia popote. Mtu akija msibani watu wameshatoka kuzika, "Kaa, umechelewa, lakini umefika." Mvua za vuli zikija mahindi yameshajikunja, alitoka uani akaziambia hivyo hivyo. Siku ya harusi yangu, iliyofanyika uani kwetu, hatua chache kutoka kitandani kwangu, mimi bwana harusi nilichelewa. Nilikuwa natafuta kofia. Alinielekeza kiti kwa mwavuli, na wageni wote wakalisema lile neno pamoja naye.

Alikuwa na mambo yasiyopatana, wala hakujisumbua kuyapatanisha. Alitufundisha radi kwa michoro, chaji hasi na chaji chanya, lakini wingu likinguruma alikuwa wa kwanza kufunika kioo kwa kanga na kuvua saa mkononi. Nikamwambia, "Mwalimu, si ulisema ni chaji tu?" Akajibu, "Ni chaji. Na mama yangu amesema nifunike kioo. Sasa wewe unataka nimkosee nani?" Aliichukia mikutano, akisema ni mahali ambapo saa hufa. Na hakukosa mkutano hata mmoja. Alikaa mbele.

Mama yake alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti iliyovuka bonde. Tulimwita Bibi, sote. Ndiye pekee aliyeweza kumtania mwanawe hadharani. "Huyu," aliwaambia wanawake wenzake, "anajua nyota ziko wapi. Muulize jembe liko wapi."

"Jembe liko kwako, mama."

"Haya, kaliangalie basi nalo, kama unavyoangalia hizo nyota zako."

Sasa lazima nieleze habari ya debe, maana bila debe huyu mtu hamtamwelewa. Kabla ya Operesheni ya kutuhamishia vijijini tulikaa kwa vitongoji, kila ukoo na kilima chake, moshi wa jirani unauona lakini ugomvi wake huusikii. Katikati ndipo palikuwa na mashamba, na kila shamba lilikuwa na dungu, jukwaa la miti ambalo mtu hukaa juu kuwinga, yaani kufukuza, ngedere na nyani. Kwenye dungu huning'inizwa debe. Debe la kuwinga hupigwa ovyo, mfululizo, kama mtu mwenye hasira. Debe la shida ni jingine: mara tatu, kimya, mara tatu, kimya. Ukilisikia hilo huulizi habari. Kila kitongoji kilicholisikia kilitoa mtu mmoja, naye alikwenda moja kwa moja sauti ilikotoka, anapasua vichaka, hafuati njia. Wa kwetu alitokea kwetu, wa ng'ambo alitokea ng'ambo, wa bondeni alipanda. Wanapokutana, hapo ndipo penye shida. Hakuna aliyemtuma mwenzake. Aliyekuwa karibu na mlango ndiye aliyekwenda. Kwetu alikwenda baba, kwa sababu mimi, kwa bahati ya ajabu, sikuwahi kuwa karibu na mlango.

Siku moja Mwalimu aliingia darasani Korogwe na gazeti la sayansi lililochakaa, limepita mikono mingi kabla ya kutufikia, na chungwa. Akalichomeka chungwa njiti za kiberiti pande zote mpaka likafanana na nungunungu. Akasema chungwa ni dunia, njiti ni setilaiti. Mataifa makubwa yalizirusha huko juu ili yachungane, asije mmoja akalipua bomu kwa siri. Setilaiti zikakaa macho. Na kweli zikapigwa na miale ya gama, kama ya bomu la nyuklia, ghafla, kwa muda mfupi, kisha kimya. Wakubwa wakatazamana vibaya. Kumbe haikutoka duniani. Haikutoka kwenye jua. Ilitoka mbali huko, na kila baada ya muda ikaja nyingine, upande mwingine.

"Ni mlipuko mkubwa kuliko wowote mnaoweza kuufikiria," alisema, "na hakuna anayejua umetokea wapi. Jicho haliuoni. Hewa yetu inauzuia usifike chini, ndiyo maana mlinzi lazima akae juu, nje ya hewa. Unamulika, unazimika. Ukigeuza shingo, hakuna kitu."

Mwenzetu mmoja kutoka Usambara akauliza, "Sasa watajuaje ulikotoka, Mwalimu?"

Mwavuli ukanielekea. "Kigingi. Kwenu debe la shida likilia, mnajuaje liko wapi?"

Nikaeleza, kila kitongoji mtu mmoja, mpaka wanapokutana. Darasa likacheka, maana wa milimani walituona sisi wa Handeni ni watu wa porini.

"Msicheke," akasema. "Wenzenu wanafanya hesabu kwa miguu. Setilaiti haina sikio la kujua upande, ina saa tu. Mwale ukitoka kule mlangoni, njiti hii itaguswa kwanza, hii itafuata, hii ya nyuma itaguswa mwisho. Tofauti ni kama kupepesa jicho, lakini ipo. Linganisha saa zao, utajua umetoka upande gani. Ila kuna sharti." Akagonga meza. "Walinzi wakae mbalimbali. Wakikaa pamoja wataguswa pamoja, na wote watakuambia jambo lile lile, kwamba wameguswa."

Kisha akachomoa njiti, akalimenya chungwa, akala ushahidi wote mbele yetu.

Ndiyo maana ilinishangaza kwamba aliyekuja kukipima kijiji kipya tulichohamishiwa alikuwa yeye. Ilikuwa likizo, alikuwepo, na alijua kupima. Wakubwa wa wilaya walimwomba naye akakubali kabla hawajamaliza kuomba. Alikuja na kamba, vigingi na ule mwavuli. Aliponiona nimesimama alisema, "Kigingi, leo nimekuletea ndugu zako." Nyumba zilipangwa kando ya barabara, mstari baada ya mstari, zimenyooka utadhani zimepigwa rula. Hakulazimishwa, ningependa mlijue hilo. Aliamini. Aliwaambia wazee, "Zahanati haiwezi kumfuata kila mtu kilimani kwake," na alisema kweli; zahanati ilikuja, na bomba la maji likaja, likafanya kazi mpaka mashine ilipokufa.

Nilimtania. Nilikuwa nimebeba mti wa kenchi ya paa begani, na mtu aliyebeba mti ana haki ya kusema chochote. "Mwalimu, walinzi si wakae mbalimbali?"

"Ile ni miale ya gama, Kigingi," akasema, anavuta kamba. "Hawa ni watu."

Bibi aliletwa na vyungu vyake. Mwanawe akamwonyesha nyumba. "Mama, yako ni hii hapa, karibu na bomba."

"Na shamba langu?"

"Shamba liko pale pale."

"Basi na mimi niko pale pale. Hapa nitalala tu."

Akacheka, akatuambia mama yake ni mgumu kuliko fizikia. Na Bibi alifanya alivyosema. Kila asubuhi alirudi kilimani kwetu kwa zamani, kwenye kunde na mihogo yake, akapanda dungu akawinga ngedere peke yake, sauti yake haina wa kuijibu.

Siku ya mgeni kutoka wilayani ilikuwa siku ya jua. Palitandikwa turubai, tukakaa chini, kijiji kizima, na mbele ikawekwa meza yenye kitambaa. Mgeni alisimama akasema habari za kupanda kwa mistari. Mwalimu alikaa mezani pamoja naye, upande wa kulia, mwavuli katikati ya magoti. Mgeni alikuwa hodari wa kusema. Alishuka kwenye mahindi, akapanda kwenye pamba.

Debe likalia. Mara tatu. Kimya. Mara tatu.

Kila mtu alilisikia. Niliona vichwa vikiinuka kama vya kuku. Nikamwona mzee mmoja aliyekuwa wa kitongoji cha ng'ambo akimwinamia baba yangu, akamnong'oneza, "Hiyo ni ya kwenu au ya kwetu?"

Baba akasema, "Sasa si sote tuko kwetu."

"Ndiyo, lakini nani anatoka?"

Desturi ilisema kila kitongoji kitoe mtu mmoja, na vitongoji havikuwepo tena. Mlango wa kuwa karibu nao haukuwepo. Tena mgeni alikuwa amesimama anasema, na kwetu kumpa mgeni mgongo ni kumwambia chakula chake hakijapikwa. Tukatazamana. Walio nyuma waliwatazama wa mbele, wa mbele wakamtazama Mwalimu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu zaidi na mgeni. Mwalimu aliinua kichwa. Ncha ya mwavuli ikaachana na ardhi, ikaelekea mashariki kidogo, halafu ikarudi chini.

Mgeni naye alisikia. Akauliza kwa ucheshi, "Mmeniandalia na ngoma?" Tukacheka, kwa adabu. Akaendelea na pamba.

Debe likalia tena. Halafu likawa linalia mara moja moja. Halafu halikulia.

Mgeni alipomaliza alishukuriwa, akapewa soda, akasindikizwa mpaka kwenye gari. Hapo ndipo tukaondoka, wanaume wote kwa pamoja, kutoka mahali pamoja, kuelekea upande mmoja. Upande tuliujua. Umbali hatukuujua. Mashamba ya zamani ya upande ule yalikuwa kwenye mstari ule ule, moja nyuma ya jingine, na debe lilikuwa limenyamaza. Tulitafuta ya karibu, tukaenda ya mbali, tukaita, tukarudi. Tulipita chini ya kilima chetu tukiwa kundi kubwa lenye kelele, kila mtu akidhani mwenzake ametazama juu.

Tulimpata Bibi jua linashuka. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye dungu, nyonga imevunjika, debe amelivuta hadi kifuani, kijiti mkononi. Alikuwa baridi. Mganga wa ile zahanati yetu mpya alisema inaelekea alikaa muda mrefu akiwa hai. Kama angepona, hakusema. Hakuna aliyemuuliza.

Baada ya hapo Mwalimu alikuwa mtu wa sentensi moja. "Masikio yote mahali pamoja ni sikio moja." Aliisema darasani, aliisema kwenye vibanda vya chai, aliisema mbele ya wakaguzi, na hiyo ya wakaguzi haikumsaidia; alihamishiwa mbali, na aliporudi Korogwe alikuwa na mvi, cheo ni kile kile. Akikukuta hata njiani anainama, anachora vumbini kwa ncha ya mwavuli: hapa palikuwa kwetu, hapa ng'ambo, hapa bondeni. Anavuta mistari ya wale watu wanaotoka kila kitongoji, na mistari inakutana juu ya dungu la mama yake, barabara kabisa. "Unaona? Wangemfikia chai haijapoa." Aliwalaumu waliotukusanya, na alipofika kwenye kamba na vigingi alijilaumu pia, kwa sauti, mbele ya watu, mpaka watu wakamwonea huruma.

Ulikuwa mchoro mzuri. Ila mgeni hakuwemo. Meza haikuwemo, wala soda. Katika kusimulia kwake debe lilikuwa likilia, na mara tumeshaondoka.

Mama yangu, ambaye hakusoma hata darasa moja, alimsikiliza siku moja mpaka mwisho, akamkaribisha mihogo, akamshukuru. Alipoondoka akasema, "Anachora watu wanatembea. Siku moja achore watu wamekaa." Nikamwuliza kwa nini hakumwambia. "Nimwambie mimi? Mimi nilikuwa nimesimama?"

Miaka ikaenda. Watu wakaanza kurudi mashambani kimyakimya, leo kibanda, kesho jiko, na hakuna aliyewazuia. Mwalimu akastaafu, akakaa kwa binti yake Korogwe, nyuma ya soko. Sikumwona muda mrefu. Si kwamba ni mbali. Ni mimi.

Kilichonitoa ni redio. Nilisikia kipindi cha sayansi, kwa Kiswahili safi, kikisema kuna darubini angani inayoitafuta ile milipuko ya miale ya gama, na kwamba sasa inapatikana ilipo. Nikakaa na habari ile kama mtu aliyeokota kitu cha mwenyewe. Mke wangu akaniambia, "Mpelekee basi, au unangoja akufuate?" Nikavaa kofia, nikapanda basi.

Nilimkuta kwenye ukumbi wa nyuma, amekuwa mdogo, mwavuli umetundikwa kwenye msumari ukutani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akanitazama. "Kigingi? Nani amekung'oa?"

Binti yake akaleta chai. Nikampa habari yangu kwa mpango niliouandaa tangu Segera. Nikamwambia ile milipuko imejulikana, ni nyota kubwa zinazokufa huko mwisho wa macho, na kuna darubini moja inayoangalia sehemu kubwa ya mbingu kwa mara moja. Juu yake pana kama chekeche la vipande vya madini ya risasi. Miale ikipita kwenye matundu, kivuli kinaanguka chini, na kwa jinsi kivuli kilivyokaa darubini inajua imetoka wapi.

Macho yalimwaka. Alitengeneza chekeche kwa vidole, akavitazama vivuli vyake mezani, akavisogeza. "Kivuli," akasema. "Hata mtoto angeelewa." Halafu vidole vikasimama. "Umesema darubini ngapi?"

"Moja, Mwalimu. Zamani walitumia nyingi, mbalimbali, kama ulivyotufundisha. Hata sasa zipo. Lakini hii ni moja."

"Iko mahali pamoja."

"Mahali pamoja."

Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nimembebea kutoka Handeni. Mtu mwenye akili angebadilisha mazungumzo. Mimi niliendelea, kwa kuwa nilikuwa nimelipa nauli.

"Ikishajua?" akauliza.

"Inageuka yenyewe. Huku chini watu bado hawajaambiwa, yenyewe imeshageuka inatazama. Wanasema inawahi kuuona moto kabla haujapoa."

"Haiombi ruhusa."

"Haiombi."

Alichukua kijiko, akakizungusha kwenye chai ambayo hakuwa ameitia sukari. Sokoni mtu alikuwa ananadi nyanya. Mwalimu akasema taratibu, bila kunitazama, "Haimsubiri mgeni amalize."

Kwa miaka yote ile sikuwahi kumsikia akimtaja. Nikanywa chai yangu, ikaniunguza.

Akakitoa kijiko, akakigonga kwenye ukingo wa bilauri. Mara tatu. Kimya. Mara tatu.

Sijui nilisimamaje. Mimi, ambaye sikuwahi kuwa karibu na mlango, nilijikuta wima, kiti kimeanguka nyuma yangu, uso umeelekea nje, nahema kama niliyekimbia.

Mwalimu alinitazama. Akaniacha niheme mpaka nikamaliza.

"Kaa," akasema. "Umechelewa."

Nikaokota kiti, nikakaa, nikamsubiri amalizie.